Mtaka cha Uvunguni

Ndugu zangu mnaoendesha Land Rover walizoacha baba zenu, na ninyi mlionunua zilizoachwa na baba za wenzenu, leo sikuja kumbembeleza mtu. Andiko langu sikulitoa kitabuni. Nimelitoa midomoni mwa bibi zetu, waliolala vitanda vya kamba na kuweka chini yake kila kilichokuwa na thamani nyumbani: mtaka cha uvunguni sharti ainame. Uvunguni mwa gari lako mna mipira mitatu ya breki. Uhai wako umening'inia hapo, na uhai wa waliokaa nyuma, na wa mtoto anayevuka barabara na ndoo ya maji kichwani asiyejua hata jina lako. Nawe hujainama.

Nasema hujainama kwa sababu nakufahamu. Nimekuona Jumamosi asubuhi uani, kitambaa mkononi, ukisugua bampa la mbele mpaka uso wako ukaonekana ndani yake. Nimekusikia ukibishana saa nzima kama kijani cha mwaka 1965 kilikuwa kimekolea au kimepauka. Umevuka mpaka kufuata taa za asili. Umemlipa fundi wa viti, umemlipa fundi wa rangi, umemlipa kijana wa kuandika namba. Nikakuuliza: mpira wa breki wa mbele kulia ulibadilishwa lini? Ukamgeukia fundi wako. Fundi akatazama juu, kana kwamba jibu lingeshuka na mvua.

Ole wetu tunaopaka kaburi chokaa!

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mwezi Aprili 1948. Za mwisho za Series III zilitoka kiwandani mwaka 1985. Basi hata kitinda mimba wa ukoo huo wa dramu nne ni mtu mzima mwenye miaka kama 40. Chuma chake kimevumilia, bodi yake ya aluminiamu imevumilia, injini yake inakohoa lakini inaitika. Mpira haujui sifa za ukoo. Mpira unazeeka kwa jua, kwa joto, kwa vumbi, kwa oili iliyodondoka, kwa hewa tu. Unazeeka gari likitembea na unazeeka gari limelala bandani. Kwa hiyo wewe unayejisifu kwamba gari lako limetembea kilomita chache, linatoka siku ya harusi na siku ya maonyesho tu, nakuambia umehesabu kilomita wakati mpira unahesabu miaka.

Ngoja nieleze mipira hiyo ni ipi, maana wapo wanaoitikia amina bila kujua wameitikia nini.

Unapokanyaga breki, pedeli inasukuma pistoni ndani ya masta silinda. Masta silinda inasukuma oili ya breki kwenye vibomba vyembamba vya chuma vinavyotambaa juu ya chesisi mpaka karibu na matairi. Kule, ndani ya kila dramu, kuna silinda ndogo, moja au mbili, zinazotanua shuu mbili, vile vipande vya chuma vilivyopinda kama mwezi mchanga, zikasugua dramu kwa ndani, tairi likasimama. Sasa chesisi na matairi haviendi pamoja. Tairi linapanda na kushuka na springi, na la mbele linakata kona. Bomba la chuma lingekuwa limekatika siku ya kwanza. Kwa hiyo mahali patatu chuma kinaishia na mpira unapokea: mmoja mbele kulia, mmoja mbele kushoto, na mmoja wa nyuma unaoshuka kutoka chesisi hadi kwenye kiungo cha njia tatu juu ya mhimili. Kila mmoja unatosha kushikwa kwa viganja viwili. Ukiwa mpya hauna uzuri wowote, ukiwa mzee hauna kelele yoyote. Ndiyo maana unasahaulika.

Mfaransa mmoja, Blaise Pascal, aliyezaliwa 1623 na kufa 1662, alikuwa mtu wa hesabu na mtu wa sala. Alituonyesha kwamba kimiminika kilichofungiwa, kikisukumwa mahali pamoja, husukuma kote, kila sentimita mraba, kwa kani ile ile. Karibu miaka 260 baada ya kifo chake Mmarekani Malcolm Loughead alipeleka elimu hiyo miguuni mwa dereva, na mwaka 1921 kampuni ya Duesenberg ikatoa gari lenye breki za oili kwenye matairi yote manne. Kote, kwa kani ile ile! Sikieni furaha iliyomo katika neno hilo, kisha msikie kitisho chake. Kani inayofika kwenye silinda ya tairi ndiyo hiyo hiyo inayopiga ukuta wa mpira. Piga hesabu nami. Mguu wako unakanyaga kwa uzito wa kilo 30 tu. Tuseme pedeli inazidisha mara tano, na masta silinda ina kipenyo cha inchi moja. Unapata karibu kilo 30 kwa kila sentimita mraba. Tairi lako lililojazwa upepo vizuri lina kama kilo mbili. Hiyo ni mara 15, na hapo hujashtuka bado. Siku ng'ombe anapojitokeza kwenye majani, mguu haukanyagi kwa kilo 30.

Na Land Rover nyingi za miaka ya 1950 na 1960 zina njia moja tu ya oili. Magari ya siku hizi yana njia mbili. Moja ikifa, nyingine inakusindikiza mpaka kando ya barabara. Yako haina nyingine. Mpira mmoja ukipasuka, oili yote inakimbilia kwenye tundu hilo. Hakuna breki ya mbele, hakuna ya nyuma.

Sasa nitoe ushuhuda, maana mhubiri asiyeungama hasikilizwi na mtu mwenye akili.

Nilikuwa na Land Rover 109 ya dizeli, nyuma turubai. Natoka Lushoto nashuka Mombo. Wanaoijua barabara hiyo hawahitaji kuelezwa: kilomita 33 hivi, kona juu ya kona, upande mmoja ukuta wa mlima na upande mwingine miti unayoona vichwa vyake tu. Nilipakia magunia ya viazi na kabichi, utingo mmoja, na mama wawili walioomba lifti Soni. Mpira wa mbele kulia niliujua. Wiki mbili kabla, nikibadilisha tairi, niliuona una nyufa shingoni, pale unapoingia kwenye chuma, mithili ya kisigino cha mtu asiyepaka mafuta. Niliupapasa kwa kidole. Nikasema: bado.

Chini ya Soni, kwenye kona ya kushoto, basi dogo likatokea linapanda, limechukua barabara yote. Nikakanyaga. Pedeli ilisimama ngumu kama siku zote, kitambo cha kupepesa jicho. Kisha nikasikia sauti kama embe bovu limeangukia sakafu, na mguu wangu ukaenda mpaka chini. Nikakanyaga tena, nikakanyaga tena, hakuna kitu. Nikavuta breki ya mkono. Wenye Land Rover mnajua: breki hiyo haishiki matairi, inashika shafti ya propela nyuma ya gia, ndani ya dramu yake peke yake. Yangu ilikuwa imelowa oili ya gia kutoka kwenye sili iliyochoka, nayo pia nilikuwa nimeiambia bado. Ikateleza. Nilichobaki nacho ni gia ya pili na ukuta wa mlima. Nikaegemeza gari kwenye ukuta kwa upande wa kushoto, likakwangua, likaruka, likakwangua tena, mpaka likachoka. Basi likapita. Viazi vikateremka barabarani kwenda Mombo kabla yetu.

Mama mmoja alichanika paji la uso. Kovu lipo mpaka leo, na kila nikipita Soni ananionyesha kwa kucheka na kunidai nauli. Mimi sijawahi kucheka.

Nilipoingia uvunguni siku ile, kwa maana siku ile niliinama, mpira ulikuwa umefunguka kwa urefu wa kidole gumba. Nyuzi zilizosukwa ndani yake zilikuwa zimeoza, nyeusi kama utambi. Bei ya mpira huo haikufika bei ya gunia moja la viazi vilivyokuwa vikikanyagwa barabarani.

Tazama mpira ulivyotengenezwa ndipo uelewe unavyokufa. Ndani kuna kijibomba cha mpira laini kinachopitisha oili. Juu yake kumesukwa nyuzi ngumu, safu juu ya safu, zinazozuia kijibomba kisitune. Juu kabisa kuna ngozi ya mpira wa kukinga jua na mawe. Kifo cha kwanza kinaanzia nje: ngozi inapasuka, maji na matope yanafikia nyuzi, nyuzi zinaoza, na siku ya mkanyago mkubwa kunatokea uvimbe, kisha ule mlio wa embe. Kifo hiki kina huruma, kwa sababu kinaonyesha dalili kwa yeyote mwenye macho na tochi.

Kifo cha pili ndicho ninachokiogopa. Kikulacho ki nguoni mwako. Mpira kwa nje mzima, umefutwa vumbi unang'aa, lakini kijibomba cha ndani kimevimba au kimebanduka kipande, kipande kikawa kama mlango wa upande mmoja. Ukikanyaga, kani kubwa ya mguu inasukuma oili inapita. Ukiachia, oili inatakiwa irudi kwa nguvu za springi za shuu tu, nazo ni dhaifu, mlango unajifunga. Shuu zinabaki zimekumbatia dramu. Unaendesha huku breki imeshika nusu. Tairi linachemka, gari zito, dizeli inakwisha, nawe unalaumu pampu. Tuseme ni mpira wa mbele kulia: ukikanyaga, gari linavutia kushoto kwa sababu upande wa kulia umechelewa kupata oili; ukiachia, linavutia kulia kwa sababu upande huo umekataa kulegea. Fundi anabadilisha shuu. Anabadilisha silinda. Anabadilisha springi. Mpira hagusi, kwa sababu mpira ni mzima!

Mpime hivi huyo mnafiki. Pandisha tairi kwa jeki, weka stendi, wekea kuni au mawe matairi mengine. Mwambie mtu akanyage na kuachia. Zungusha tairi kwa mkono. Likigoma, legeza ile nati ya bomba la chuma inayoingia kwenye mpira huko juu kwenye chesisi, kidogo tu. Tairi likilegea, tatizo liko nyuma zaidi, kwenye masta silinda au pedeli isiyorudi. Likigoma bado, sasa fungua skrubu ya kutolea upepo iliyo nyuma ya dramu. Oili ikiruka na tairi likalegea, umemkamata: kani ilikuwa imefungiwa kati ya mpira na tairi. Huhitaji kompyuta kwa kazi hii. Unahitaji magoti.

Utaniambia: mzee, mimi naendesha taratibu. Sawa. Mlima haujui kwamba unaendesha taratibu. Kati ya Lushoto na Mombo kuna mteremko wa karibu mita 900. Gari la kilo 2,000 na mzigo wake linapoteremka kimo hicho linaachia nishati ambayo ingechemsha lita sita za maji mpaka sufuria ikauke. Upepo unachukua kiasi, injini ikiwa kwenye gia ndogo inachukua kiasi kikubwa, na kinachobaki kinaingia kwenye dramu zako. Dramu ikipata moto inatanuka, inazikimbia shuu, pedeli inashuka. Joto linahamia kwenye silinda, linahamia kwenye oili. Oili ya breki ya DOT 3 ikiwa kavu inachemka kwenye nyuzi 205. Ikishanywa unyevu inaweza kuchemka kwenye nyuzi 140. Na unyevu huo, ndugu yangu, mwingine unapenya polepole kupitia kuta za mipira yenyewe, mwaka baada ya mwaka. Oili ikichemka inakuwa mvuke, na mvuke unabonyea. Unakanyaga godoro.

Utaniambia: nimeendesha hivi miaka 20 na Mungu amenilinda. Kule Kenya, kwenye mteremko wa Mai Mahiu, pana kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa vita Waitaliano mwaka 1942, walipokuwa wakitengeneza barabara ile. Wasafiri husimama hapo wakaomba kabla ya kuendelea. Ni desturi njema, nami nimesimama. Lakini waliojenga kanisa walijenga na barabara, hawakuacha kimoja wakafanya kingine. Ndugu zetu Waislamu wanakumbuka habari ya yule aliyeuliza kuhusu ngamia wake, akaambiwa amfunge kwanza ndipo amtegemee Mungu. Na wale wanawali watano waliokwenda harusini na taa bila akiba ya mafuta hawakukosa imani kwamba bwana arusi atakuja. Walikosa mafuta.

Utaniambia: basi nitabadilisha mmoja, ule mbovu. Hapana! Mitatu ilizaliwa siku moja, imekula vumbi moja, imechemshwa kwa jua moja. Ukimzika mmoja, wawili wako njiani. Isitoshe, ukibadilisha wa mbele kulia ukaacha wa kushoto, unaweza ukanunua gari linalovuta upande. Mitatu, siku moja, na oili mpya.

Sasa niwageukie vijana wa gereji, wanangu, kwa maana mkono wenu ndio unaofanya na mdomo wetu ndio unaojisifu.

Acheni kubana mpira kwa praizi ili oili isimwagike! Ukiubana, unapasua kile kijibomba cha ndani, unamtengenezea mteja ule mlango wa upande mmoja kwa mkono wako. Funika mdomo wa chupa ya oili inayolisha masta silinda kwa kipande cha nailoni, ukaze kifuniko juu yake. Oili itadondoka kidogo na kukoma.

Acheni kuua mguu. Mnajua ninachosema. Tairi limevuja, spea hakuna, mteja ana haraka, mnagonga bomba kwa nyundo mpaka linabapa, mnasema tumeua mguu mmoja, mitatu inatosha. Haitoshi. Kwenye lami iliyolowa, gari lenye breki upande mmoja wa mbele linageuka kutazama lilikotoka.

Acheni kujazia oili ya injini, na wewe uliyejazia maji ya sabuni unajijua. Oili ya injini inavimbisha mipira yote ndani ya mfumo, na kuanzia hapo hakuna cha kusafisha, ni kubadilisha kila kilicho laini. Wala msioshe vipande vya breki kwa petroli. Tumieni spiriti, au oili ya breki yenyewe iliyo safi. Na vumbi lililo ndani ya dramu ya gari la zamani msilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa; shuu za miaka ile zilitengenezwa kwa asbesto, nayo inakaa kwenye mapafu. Lilowesheni, mlifute kwa kitambaa kilicholowa, mkitupe.

Halafu macho kwenye nyuzi za nati. Magari haya ni ya inchi. Mpira wa gari la Kijapani wenye nyuzi za milimita kumi unafanana na wa inchi tatu kwa nane kama pacha, tofauti yake ni nusu milimita. Utaingia mizunguko miwili, utakaza, utashika kwa uongo, na utang'oka siku ya ng'ombe. Mpira wa haki unaingia kwa vidole mpaka karibu na mwisho. Ukiomba spana mapema, utoe.

Dukani usiulize bei tu, uliza umri. Mipira mingi imeandikwa mwaka wa kutengenezwa ubavuni. Mpira uliokaa rafuni miaka 15 ndani ya boksi zuri la zamani ni marehemu aliyevishwa suti. Muuzaji mmoja aliniambia huo ndio bora kwa sababu ni wa asili. Nikamkunjia mpira wake mbele ya macho yake, ukalia kama biskuti.

Kazi yenyewe haizidi siku moja, na nusu ya siku hiyo ni kutu. Jana yake pulizia dawa ya kutu kwenye nati za mabomba, ukiangalia isilowe kwingine. Tumia spana ya ringi iliyokatwa mdomo, ile inayopita juu ya bomba na kushika nati pande zote. Spana ya mdomo wazi inakula kona za nati mpaka iwe duara. Anza juu kwenye chesisi. Shika kichwa cha mpira kwa spana moja kisizunguke, legeza nati ya bomba la chuma kwa nyingine. Bomba likianza kujipinda pamoja na nati, simama. Rudisha, pulizia tena, kunywa chai. Asiye na subira hapa atanunua na bomba. Bomba likiachia, ondoa nati inayoshikilia mpira kwenye kishikio chake, ndipo ukafungue upande wa tairi.

Kufunga ni kinyume chake, na hapa ndipo wengi wanatenda dhambi. Upande wa tairi kwanza: washa mpya ya shaba, usirudishe ya zamani iliyokwisha kubonyezwa, kaza. Kisha acha mpira ujilaze wenyewe unavyopenda, upitishe kwenye kishikio, na ukikaza nati ya juu ushikilie kichwa chake kwa spana ya pili. Mpira uliopindwa kama kamba ya kisima umeanza kufa kabla gari halijawashwa. Mwisho rudisha bomba. Kata usukani mpaka mwisho kushoto, halafu mpaka mwisho kulia, ukiangalia kwa macho yako, hata kama fundi kakuapia. Mpira usiguse tairi, usiguse springi, usivutike.

Kabla ya kutoa upepo, rekebisha shuu. Nyuma ya dramu kuna vichwa vya bolti vya kurekebishia. Zungusha mpaka tairi lishike, rudisha kidogo mpaka lizunguke huru. Kwenye 109 dramu ya mbele ina viwili, kimoja kwa kila shuu, kwa kuwa kila shuu ina silinda yake, na zote mbili zimepangwa zikamate gari likienda mbele. (Ndiyo maana 109 ikianza kurudi nyuma mlimani breki inaonekana imelegea. Haijaharibika, ndivyo ilivyozaliwa. Weka jiwe.) Kisha mketishe mtu kwenye pedeli. Mimi namketisha binti yangu, ana miaka 14 na hana mzaha. Anza na tairi lililo mbali zaidi na masta silinda, mrija mweupe kwenye skrubu, ncha yake ndani ya chupa yenye oili. Kanyaga. Fungua. Funga. Achia. Uchafu wa kahawia utatoka kwanza, halafu mapovu, halafu oili safi kama chai ya rangi isiyokolea. Chupa ya juu isikauke hata mara moja, ikikauka mnaanza upya wote. Oili ikidondokea rangi yako ya 1965, maji haraka, maana inabandua rangi kuliko maneno yangu.

Halafu mwambie binti akanyage kwa nguvu zake zote na ashikilie dakika nzima. Wewe ingia na tochi, pitia kila kiungo kwa kidole kikavu, vitatu juu na vitatu chini. Kidole kikirudi kikavu, toka, jipanguse. Usiende mlimani kwanza. Zunguka uani kwa mwendo wa mtu anayetembea, simama, rudi nyuma, simama.

Nilichana mpira wangu wa zamani wa nyuma kwa wembe, kwa urefu, ule ambao haukupasuka na ulionekana mzima. Nauweka kwenye boneti kila ninapohubiri haya. Tundu la ndani limebaki jembamba hata sindano ya kushonea magunia haipiti. Vijana wanauchukua, wanauchungulia kwenye jua, wanarudisha kimya kimya, na mmoja au wawili wanainama palepale kutazama chini ya magari yao na shati jeupe la Jumapili mwilini.

Jumamosi hii nitakuwa chini ya 88 ya jirani yangu, mbele kushoto, kuanzia saa mbili asubuhi. Stendi ninazo. Njoo na spana zako za inchi, na mkeka.